Je, mtu huzaliwa mwizi?

Wazee wametuachia mithali mbili ambazo, ukizitazama vizuri, zinagombana. Ya kwanza yasema: Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili yasema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya kwanza yaweka ubaya katika damu, ya pili yauweka katika malezi. Mwizi akikamatwa kijijini, utazisikia zote mbili siku ileile, chini ya mti uleule. Huyu anasema: «Mnashangaa nini? Baba yake alikuwa vilevile.» Yule anajibu: «Je, ni nani aliyemlea, kama si ninyi majirani?»

Wapenzi wasomaji, msidhani kwamba ugomvi huo ni wa vijijini tu. Wenye elimu wa Ulaya na wa Amerika wameugombania tangu karibu miaka mia mbili, kwa vitabu vikubwa na mikutano mingi. Wala si maneno matupu. Kwa ajili ya jibu lao watu wamefungwa maisha, wengine wameondolewa nguvu ya kuzaa, watoto wamehesabiwa waovu kabla hawajatenda kitu. Ndiyo maana twataka kuieleza habari hiyo tangu mwanzo wake. Mwishoni tutaona kwamba yatuhusu na sisi hapa Kongo.

1. Hesabu za Mbelgiji mmoja

Katika karne ya 18 wanasheria wengi walifikiri hivi: mtu ana akili na hiari, amechagua kosa, basi aadhibiwe kwa kadiri ya kosa lake. Beccaria wa Milano aliandika hayo mwaka 1764, akakataza mateso na adhabu za ukatili. Lakini hakuuliza sana: kwa nini huyu ameiba, na jirani yake hakuiba?

Aliyeuliza swali hilo kwa njia mpya alikuwa Adolphe Quetelet, aliyezaliwa katika mji wa Gand, Ubelgiji, mwaka 1796. Kazi yake ilikuwa kupima nyota. Sasa mwaka 1827 serikali ya Ufaransa ilianza kuchapisha kila mwaka hesabu ya watu walioshitakiwa mbele ya mahakama zake. Quetelet alizitazama hesabu zile kama alivyozoea kuzitazama nyota, akashangaa. Kila mwaka walioshitakiwa katika mahakama kubwa walikuwa karibu 7,000. Na katika kila mia, karibu 60 walionekana na hatia. Mwaka huu hivi, mwaka ujao hivi, kama kodi ambayo watu wanailipa bila kukosa. Aliona tena kwamba wanaokosa zaidi ni vijana wa miaka 25 hivi. Kwamba makosa ya kupiga na kuua yanazidi wakati wa joto, na wizi unazidi wakati wa baridi.

Basi akaandika kwamba jamii yenyewe ndiyo inayotayarisha kosa, na mkosaji ni chombo tu cha kulitimiza. Wengi walikasirika. Walimwuliza: «Je, wakana hiari ya mtu?» Alijibu kwamba hesabu zake zahusu watu wengi pamoja, hazisemi lolote juu ya mtu mmoja. Na sababu zikigeuka, alisema, hesabu nazo zitageuka; kwa hiyo watu wanaweza kujitengeneza. Tulishike neno hilo, maana tutalihitaji mbele.

Tena aligundua jambo ambalo wengi wetu hawalifikirii. Wilaya za Ufaransa zilizokuwa maskini kabisa hazikuwa na wezi wengi kuliko nyingine. Wizi ulizidi mahali tajiri na maskini wanapokaa ubavu kwa ubavu, na mahali mtu anapoanguka ghafula kutoka hali njema kwenda taabu. Umaskini wa wote pamoja haukuwa mwalimu wa wizi.

2. Fuvu la Villella

Mwaka 1835, mwaka uleule Quetelet alipotoa kitabu chake kikubwa juu ya mtu, alizaliwa Verona, Italia, mtoto jina lake Cesare Lombroso. Alisoma udaktari, akawa mganga wa askari, akapelekwa muda mfupi Calabria, nchi ya kusini yenye umaskini. Wakati ule Italia ilikuwa imetoka kuunganishwa kuwa ufalme mmoja, mwaka 1861, na kule kusini askari wa mfalme walikuwa wanapigana na makundi ya watu wa porini walioitwa majambazi. Wakubwa wa kaskazini walijiuliza: hawa wa kusini ni watu wa namna gani?

Lombroso alidhani amepata jibu ndani ya fuvu. Lilikuwa fuvu la Giuseppe Villella, mtu wa kijiji cha Motta Santa Lucia huko Calabria, aliyehukumiwa kwa wizi na kufa mbali na kwao. Nyuma ya fuvu lile, kwa ndani, mahali ambapo watu wengi wana mfupa mwembamba kama ukingo, Lombroso aliona kishimo. Kishimo cha namna hiyo, alisema, ni cha wanyama. Mwaka 1871 akatangaza habari yake, na mwaka 1876 akatoa kitabu kiitwacho Mtu Mhalifu. Kitabu kile kilichapwa mara tano, na kila mara kilinenepa, hata kikawa mabuku kadhaa.

Mafundisho yake yalikuwa haya: wako wahalifu wa kuzaliwa. Hao si watu wa wakati wetu. Ndani yao mtu wa kale kabisa amerudi. Unaweza kuwatambua kwa macho: taya kubwa, paji fupi, masikio yaliyotokeza, mikono mirefu, kutumia mkono wa kushoto, kutosikia maumivu upesi, na kuchanja alama katika ngozi. Msomaji atacheka hapo, maana babu zetu wengi walichanjwa alama za ukoo, na kwa kipimo hicho vijiji vizima vingehesabiwa kuwa vya wezi.

Lakini si jambo la kucheka tu. Huyo mtu wa kale aliyerudi, Lombroso alimfananisha na nani? Alimfananisha na mataifa aliyoyaita ya washenzi, na sisi Waafrika tumo. Katika kitabu chake kingine cha mwaka 1871, juu ya mtu mweupe na mtu wa rangi, alimweka mweupe juu ya wote. Basi mkulima wa Calabria na mtu wa Afrika walitukanwa kwa kipimo kimoja na kwa kalamu moja.

Tuseme kweli vilevile juu ya mema yake. Lombroso hakuwa mtu mkatili. Alitaka wenye wazimu wapelekwe hospitali wala si gerezani. Alitaka wenye makosa madogo wasifungwe pamoja na wauaji. Yeye na wenzake, Ferri na Garofalo, waliwafundisha mahakimu kumtazama mtu, wasitazame tendo peke yake. Na mwisho wa maisha yake alikubali kwamba wahalifu wa kuzaliwa si wote, labda theluthi moja hivi. Lakini fuvu la Villella alilitunza mpaka kufa kwake mwaka 1909.

3. Waliompinga

Mkutano wa kwanza wa mabingwa wa elimu hiyo ulifanyika Roma mwaka 1885. Humo alisimama daktari wa Lyon, Ufaransa, jina lake Lacassagne. Alisema kwamba mhalifu ni kama kijidudu cha ugonjwa: peke yake hawezi kitu, siku akipata mchuzi unaomfaa, ndipo anaongezeka. Mchuzi ndio jamii. Kwa hiyo, alisema, kila jamii ina wahalifu inaowastahili. Mkutano wa pili ulifanyika Paris mwaka 1889, na wa tatu Bruxelles mwaka 1892. Huko Bruxelles Lombroso na wenzake hawakufika, na wengi waliokuwapo walisema kwamba mhalifu mwenye umbo lake la pekee haonekani.

Aliyewatoa watu wengi katika mashaka ni Mwingereza, Charles Goring, daktari wa magereza. Alifanya jambo ambalo Lombroso hakulifanya vizuri: aliwapima wafungwa karibu 3,000, kisha akawalinganisha na watu wasiofungwa, askari na wanafunzi wa vyuo vikubwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1913. Mataya yale na masikio yale aliyakuta pande zote mbili. Kumbe wanafunzi wa chuo nao wana masikio ya wezi! Lakini Goring mwenyewe, akiisha kulitoa kosa moja mlangoni, aliliingiza jingine dirishani: alisema wafungwa wana akili haba, na kwamba akili haba hurithiwa.

Mfaransa Émile Durkheim, mwaka 1895, alikwenda njia nyingine kabisa. Alisema hakuna jamii isiyo na makosa, wala haitakuwako. Akatoa mfano unaotufaa sisi wakristu: fikirini monasteri ya watakatifu watupu. Hamtaona humo wizi wala uuaji. Lakini kosa dogo ambalo kwetu si kitu, humo litakuwa mashaka makubwa, kama vile kwetu kosa la kuletwa mahakamani. Jamii yenyewe inapiga mstari, na anayeuvuka ndiye anayeitwa mkosaji. Hatumfuati Durkheim katika mambo yote, maana tunajua kwamba yako matendo yaliyo mabaya hata kama jamii nzima ikiyasifu. Lakini mfano wake watufundisha kupima hasira zetu.

4. Matunda machungu

Neno likiisha kuandikwa, halibaki kitabuni. Kama ubaya umo katika damu, wengine walisema, kwa nini kungojea tendo? Tukate mti kabla haujazaa. Mwaka 1907 jimbo la Indiana, huko Marekani, lilitoa sheria ya kuwaondolea nguvu ya kuzaa wahalifu waliozoea kosa na watu wenye akili pungufu. Majimbo mengine mengi yalifuata, na katika karne ile watu zaidi ya 60,000 walitendewa hivyo katika nchi ile. Ujerumani, serikali ya Hitler ilitoa sheria ya namna hiyo tarehe 14 Julai 1933 kwa waliohesabiwa kuwa na magonjwa ya ukoo. Mpaka mwaka 1945 walioumizwa walikuwa karibu 400,000.

Kabla ya sheria hiyo ya Ujerumani, tarehe 31 Desemba 1930, Baba Mtakatifu Pio XI alikuwa amekwisha kusema katika barua yake juu ya ndoa, Casti Connubii, kwamba mahali pasipo na kosa, serikali haina amri juu ya viungo vya mwili wa raia. Naye Padri Agostino Gemelli, daktari wa Italia aliyeingia shirika la Mtakatifu Fransisko na baadaye, mwaka 1921, akaanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Milano, alikuwa ameandika kuyapinga mafundisho ya Lombroso. Alijibu kama daktari, akitumia vipimo na hoja.

Na mafundisho yetu juu ya dhambi ya asili yasemaje? Watu wengine wanadhani yanamsaidia Lombroso. Sivyo. Kanisa lasema sisi sote tumeinama upande wa ubaya, Papa na mfungwa, hakimu na mwizi. Basi hakuna ukoo mmoja wa waovu uliotengwa na koo nyingine zilizo safi. Lombroso aliuona ubaya katika taya la mwingine; katekisimu yatuonyesha kwamba umo ndani ya kila mmoja wetu, na pamoja nao neema na hiari.

5. Mitaa ya Chicago

Turudi kwa wale waliosema: tazameni mahali. Mji wa Chicago, Marekani, ulikuwa wa kwanza kuweka mahakama ya watoto, mwaka 1899. Clifford Shaw na Henry McKay walichukua majina ya watoto walioletwa huko kwa miaka mingi, wakatia alama kwenye ramani, nyumba kwa nyumba. Kitabu chao kilitoka mwaka 1942. Waliona kwamba watoto wakosaji walikuwa wengi katika mitaa iliyo karibu na katikati ya mji na viwanda, yenye nyumba mbovu na watu wa kuhamahama.

Lakini jambo kubwa ni hili. Mitaa ile ilikaliwa kwanza na Wajerumani na Waairishi, kisha Waitaliani na Wapolandi, kisha Waamerika weusi waliotoka kusini. Watu walibadilika, lakini mitaa ilibaki na wakosaji wengi vilevile. Na watu wale wakihamia mitaa mizuri zaidi, makosa ya watoto wao yalipungua. Basi kama ubaya ungekuwa katika damu ya kabila, wangehama nao kama vyungu na mikeka. Kumbe waliuacha nyuma, na wageni waliofika wakaukuta.

Mwenzao, Edwin Sutherland, alisema kwamba kosa hufundishwa kama kazi ya seremala inavyofundishwa: mtu anakaa na wenye kuitenda, anajifunza mikono yao na maneno ya kujitetea. Mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya wakosaji wenye shati jeupe. Alitazama kampuni kubwa 70 za Marekani, akakuta hukumu 980 zilizotolewa juu yao kwa udanganyifu na makosa mengine. Wenye kampuni zile hawakuwa maskini, wala hawakuwa na paji fupi. Walikuwa wamesoma, wamevaa vizuri, nao wakaiba kwa kalamu. Wanaosema wezi ni maskini tu, na wawajibu hao kwanza.

6. Damu imerudi tena

Je, habari ya damu iliisha? Hapana. Mwaka 1965 wachunguzi wa Scotland walitoa habari za wanaume wa hospitali moja ya wafungwa wenye ugonjwa wa akili: baadhi yao walikuwa na chembe ya urithi iitwayo Y mara mbili, mahali ambapo wanaume wengine wanayo moja. Magazeti yakapiga kelele: mhalifu wa kuzaliwa amepatikana! Mwaka 1976 wachunguzi walioshughulika huko Denmark na wanaume warefu zaidi ya 4,000 waliwakuta 12 wenye Y mbili. Watano kati yao walikuwa wamehukumiwa, ni kweli, zaidi kuliko wenzao. Lakini kwa makosa madogo kwa sehemu kubwa, si kwa ukali. Kelele zikanyamaza.

Mwaka 2002 ikatoka habari nyingine, ya watoto zaidi ya 1,000 wa Dunedin, New Zealand, waliofuatwa tangu kuzaliwa kwao mwaka 1972 na 1973. Wavulana wengine walikuwa na urithi fulani katika chembe ziendeshazo ubongo. Wale wenye urithi huo waliopigwa na kuteswa utotoni walielekea zaidi ukali walipokua. Wale wenye urithi uleule waliotunzwa vizuri hawakuelekea hivyo. Wengine wamerudia uchunguzi huo, na matokeo hayakuwa sawa kila mara. Lakini hata hivyo twaona: damu haikusema peke yake, ilingoja mkono wa mlezi.

Basi nani alishinda? Twaona kwamba kila upande uliona kitu cha kweli. Mtu hurithi mengi, na mahali humvuta. Kosa lilianza pale walipochukua hesabu ya wengi wakaifanya hukumu ya mmoja. Ukisema, «Katika mtaa huu watoto wengi wanakosa,» umesema habari inayoweza kutusaidia kujenga shule. Ukimshika mtoto mmoja wa mtaa huo na kusema, «Wewe utakuwa mwizi,» umesema uongo, maana hujui. Quetelet alilijua hilo, waliomfuata walilisahau. Hesabu ni ya wengi, lakini hukumu ni ya mmoja, kwa tendo alilolitenda.

7. Na sisi hapa Kongo?

Ubelgiji ulitoa sheria ya ulinzi wa watoto tarehe 15 Mei 1912, ili mtoto mkosaji awe na hakimu wake na alelewe badala ya kutupwa gerezani na wakubwa. Hapa Kongo amri ya namna hiyo ilitolewa tarehe 6 Desemba 1950. Leo tuna sheria ya tarehe 10 Januari 2009, iliyoweka mahakama za watoto. Nayo yasema mtoto ambaye hajafika miaka 14 hawezi kuhesabiwa kuwa mhalifu.

Lakini sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 160, yamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, nayo yakataza. Kwa nini ilikuwa lazima kuandika hayo? Mnajua wenyewe. Baba amekufa, kazi imepotea, mdogo anaumwa. Wanamtafuta mwenye kosa, na macho yanamwangukia yule mtoto asiye na mama, mwenye kukojoa usiku, mwenye kunyamaza sana au kusema sana, mwenye tumbo kubwa. «Huyu ni mchawi. Tangu kuzaliwa yuko hivyo.» Wamepima macho yake na tumbo lake, kama Lombroso alivyopima masikio. Kisha wanamfukuza. Anakwenda sokoni, analala chini ya meza, anajifunza kuiba kutoka kwa wale maibobo aliowakuta, sawasawa na alivyoandika Sutherland. Siku anapokamatwa, waliomfukuza wanasema: «Tulisema!» Ndivyo mithali ya nyoka inavyojitimiza: sisi wenyewe tunamtengeneza nyoka, kisha tunashangilia kwamba tulimtambua.

Enyi wazazi, walimu na wakubwa wa jumuiya, tuna kazi tunayoiweza. Mtoto wa mfungwa akija shuleni, tusimwite kwa kosa la baba yake. Kitu kikipotea, tusianze kwake. Mtoto akisingiziwa uchawi, tumchukue nyumbani kwetu, twende na mashahidi kwa padri na kwa hakimu wa watoto. Na mwenye kukosa kweli aadhibiwe, maana kumwambia mtu kwamba hakuwa na hiari ni kumtukana kwa namna nyingine.

Watu wa Motta Santa Lucia, kijiji cha Villella, walikwenda mahakamani kudai fuvu la mtu wao wamzike. Mwaka 2012 hakimu aliwapa haki. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliwanyima. Mwaka 2019 mahakama ya juu ya Italia ilithibitisha kwamba fuvu libaki Torino, katika nyumba ya makumbusho ya Lombroso. Katika nyumba hiyo imo mifupa ya Lombroso mwenyewe pia, maana aliiachia elimu. Mganga na mwizi wamo chini ya paa moja, na wageni wanapita kuwatazama. Na ukiitazama mifupa peke yake, huwezi kujua yupi alikuwa mwizi.